Baharia Kabatini: Nasaba Iliyofichwa na Swali la Uayalandi katika The Speckled People ya Hugo Hamilton

Utangulizi

Hugo Hamilton alizaliwa Dublin mwaka 1953, mtoto wa baba Muayalandi na mama Mjerumani. Mwaka 2003 alichapisha The Speckled People, kitabu cha kumbukumbu za utoto wake, na mwaka uliofuata kitabu hicho kikapewa nchini Ufaransa tuzo ya Femina inayotolewa kwa kazi za kigeni. Mwaka 2006 ulifuata The Sailor in the Wardrobe, kinachoyaendeleza masimulizi hayo hadi ujanani. Kisa cha kitabu cha kwanza ni chepesi kusimulia. Baba ni mhandisi katika shirika la umeme la taifa na mzalendo asiyekubali mzaha. Jina la ukoo wake, Hamilton, ameligeuza kwa Kigaeli, lugha asilia ya Ayalandi, likawa Ó hUrmoltaigh. Nyumbani amepiga Kiingereza marufuku. Watoto huzungumza Kigaeli naye na Kijerumani na mama yao, ilhali nje ya mlango mtaa mzima unasema Kiingereza. Wanavalishwa sweta za Aran juu na kaptula za ngozi za Kijerumani chini, na wavulana wa mtaani huwaita Manazi.

Usomaji uliozoeleka hukichukua kitabu hiki kama utetezi wa umseto. Kwa mujibu wa usomaji huo, mtoto mwenye damu mbili na lugha tatu anateseka chini ya baba anayetaka usafi wa taifa, kisha anatoka akiwa mtu mpya asiyefungwa na mipaka. Dhana ambazo Homi Bhabha alizieneza katika The Location of Culture (1994) husaidia kuujenga usomaji wa namna hiyo, na jina la kitabu lenyewe linaonekana kuualika. Makala haya yanauona usomaji huo kuwa na kasoro mbili. Kwanza, mchanganyiko anaougundua msimulizi hautoki kwa mama. Ujerumani wa mama unajulikana tangu ukurasa wa kwanza. Haufichwi na hauhitaji kugunduliwa. Kinachogunduliwa ni picha ya babu mzaa baba, akiwa amevaa sare ya baharia wa jeshi la majini la Uingereza, iliyofichwa ndani ya kabati la nguo. Pili, neno ambalo wasomaji hulipokea kama kauli mbiu ya umseto linatoka kinywani mwa baba mwenyewe, yule yule anayechukuliwa kuwa adui wa umseto. Mambo haya mawili yakisomwa pamoja, swali la kitabu linabadilika. Haliwi tena swali la kama mtoto wa Mjerumani anaweza kuwa Muayalandi. Linakuwa swali la kama baba, Muayalandi asiye na shaka machoni pa watu wote, amewahi kuwa kile anachodai kuwa.

Madoa, marakaraka na neno la baba

Kulihamishia jina la kitabu katika Kiswahili kunafichua jambo ambalo msomaji wa Kiingereza anaweza kulipita. Njia ya karibu ni kusema watu wa madoadoa. Lakini doa kwa Kiswahili ni pia waa, aibu inayotiwa kwenye heshima ya mtu au ya ukoo. Aliyetiwa doa hapongezwi. Marakaraka ni bora zaidi, kwa sababu neno hilo linataja mchanganyiko wa rangi bila kuutolea hukumu. Ipo pia kanga, ndege mwenye vitone vyeupe juu ya manyoya meusi, ambaye haonekani ameharibika kwa vitone vyake. Mfasiri atalazimika kuchagua, na kila chaguo ni tafsiri ya kitabu kizima. Makala haya yanatumia marakaraka pale msimulizi anapojitaja kwa utulivu, na madoa pale mtaa unapomtaja. Kitabu chenyewe kinakwenda na kurudi kati ya maana hizo mbili.

Nyuma ya neno la Kiingereza liko neno la Kigaeli, breac. Hilo ni jina la samaki wa mtoni mwenye vitone, na pia ni sifa ya mkate wa Kiayalandi uliochanganywa na zabibu kavu. Katika kitabu ni baba anayewaeleza watoto maana yake. Anawaambia kuwa wao ni Waayalandi wa aina mpya, nusu wa hapa na nusu wa kwingine, mkate wa Ayalandi wenye zabibu za Ujerumani. Anasema hivyo kwa fahari. Hapa ndipo usomaji uliozoeleka unapoteleza, kwa kuwa unamchora baba kama mtu anayechukia mchanganyiko wa kila namna. Baba huyu ameoa mgeni kwa hiari yake, amewapa baadhi ya watoto wake majina ya Kijerumani, na anajivunia nyumba yenye lugha mbili ambazo hazisikiki kwa jirani yeyote.

Kinachomkasirisha ni mchanganyiko asioupanga yeye. Ujerumani kwake ni kitone kinachokubalika kwa sababu kina mipaka na kina faida. Wasomi wa Kijerumani ndio walioweka misingi ya taaluma ya lugha za Kikelti: Johann Kaspar Zeuss alichapisha Grammatica Celtica mwaka 1853, na Kuno Meyer alianzisha shule ya masomo ya Kiayalandi jijini Dublin mwaka 1903. Kwa mzalendo wa kizazi cha baba huyo, Mjerumani aliweza kuonekana kama shahidi wa nje anayethibitisha kuwa Kigaeli ni lugha yenye hadhi ya kale. Zaidi ya hayo, Ujerumani ilikuwa adui wa Uingereza, na adui wa adui huingia ndani bila kubisha hodi. Kwa hiyo hesabu ya baba ni ya kuongeza na kutoa kwa wakati mmoja: Ujerumani unaongezwa, Uingereza unatolewa, na kinachobaki kinaitwa Ayalandi mpya.

Kitu chenye vitone kina rangi ya msingi, na vitone vyake vinaweza kuhesabika kimoja kimoja. Sitiari ya baba inahitaji msingi huo uwe mmoja na uwe safi. Zabibu zinaonekana kwa sababu mkate wenyewe ni wa rangi moja. Baharia aliye kabatini haingii katika sitiari hiyo. Yeye hakudondoka juu ya kitambaa kama tone la wino. Ni uzi uliofumwa ndani yake, na akivutwa kitambaa kinafumuka. Ndiyo maana baba anaweza kumtangaza mama kwa wageni na hawezi kuitundika picha ya baba yake mzazi ukutani.

Picha na kabati

Tukio la ugunduzi linasimuliwa bila kelele. Watoto wanapekua kabati la wazazi, kama watoto wa popote wanavyopekua, na wanamkuta mtu aliyevaa sare ya ubaharia. Hawamjui. Macho yake ni ya upole. Wanapojua ni nani, wanajua pia kuwa hawatakiwi kumjua. Taarifa zinakuja kidogo kidogo baadaye: alitoka Cork ya Magharibi, alikuwa katika jeshi la majini la Uingereza, alianguka melini, akapoteza kumbukumbu, akafa akiwaacha watoto wadogo. Mmoja wao ndiye mzalendo huyu.

Uzito wa tukio hilo hauonekani bila historia yake. Kabla ya mwaka 1922 Ayalandi yote ilikuwa sehemu ya ufalme wa Uingereza, na ukanda wa Cork ulikuwa na bandari kubwa za kijeshi. Queenstown, ambayo leo inaitwa Cobh, na Berehaven zilibaki mikononi mwa jeshi la majini la Uingereza hata baada ya uhuru, hadi zilipokabidhiwa mwaka 1938. Katika kata maskini za pwani hiyo, kujiunga na meli za Mwingereza ilikuwa njia mojawapo ya kupata mshahara. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waayalandi wapatao 200,000 walitumikia majeshi ya Uingereza. Baharia wa kabatini hakuwa kioja. Alikuwa mtu wa kawaida wa mahali pake na wakati wake.

Baada ya uhuru watu wa namna hiyo hawakuwa na mahali pa kusimama katika simulizi la taifa. Bustani ya kumbukumbu ya wanajeshi Waayalandi huko Islandbridge, Dublin, iliyosanifiwa na Edwin Lutyens, ilijengwa katika miaka ya 1930, lakini haikuwekwa wakfu rasmi hadi mwaka 1988. Nusu karne ya ukimya ilipita kati ya jiwe na sherehe. Ernest Renan, katika mhadhara wake wa mwaka 1882 kuhusu taifa ni nini, alieleza kwamba taifa linahitaji kusahau kama linavyohitaji kukumbuka. Kauli hiyo imenukuliwa mno hata imechakaa. Hapa inarejeshewa makali yake, kwa kuwa kusahau kwa taifa kunafanyika kwa mkono wa mtoto anayemfungia baba yake kabatini. Tena baba aliyefungiwa ni mtu ambaye ajali ilikuwa imekwisha kumpokonya kumbukumbu zake mwenyewe. Hamilton haugeuzi ulinganifu huo kuwa somo. Anauweka mezani na kuendelea na habari ya kifungua kinywa.

Inafaa kukumbuka pia kwamba Ayalandi ni nchi ambayo nyaraka zake nyingi za nasaba hazipo. Moto wa Juni 1922 uliiteketeza hifadhi ya kumbukumbu za umma jijini Dublin, pamoja na sehemu kubwa ya sensa za karne ya 19. Sensa kamili za kale zaidi zilizosalia ni zile za 1901 na 1911. Katika nchi ya namna hiyo picha moja ndani ya kabati ina uzito wa daftari zima, na anayemiliki ufunguo wa kabati anamiliki nasaba.

Waswahili husema mwacha asili ni mtumwa, na baba huyu angeikubali methali hiyo kwa mikono miwili. Maisha yake yote ni vita dhidi ya utumwa wa aina hiyo: lugha iliyoachwa, jina lililoachwa, nyimbo zilizoachwa. Kitabu kinamrudishia methali hiyo kwa swali asiloweza kulijibu: asili ipi? Ukoo wa Hamilton una jina lenye chimbuko la Uskoti. Kulivalisha jina hilo vazi la Kigaeli ni kuunda asili ambayo haikuwapo ili kuifuata. Wakati huohuo asili iliyopo, yaani baba mzazi mwenye uso na sare, inaachwa gizani. Kwa kipimo chake mwenyewe, mzalendo huyu ndiye aliyeacha asili.

Msomaji wa Afrika Mashariki anatambua mchezo huu ingawa hapa umepinduliwa. Katika upwa wa Waswahili wako waliojinasibisha na Shirazi, na mjadala wa Mswahili ni nani umejaza vitabu vingi bila kufika mwisho. Huko babu aliyetoka ng'ambo ndiye anayetangazwa, na bibi wa bara ndiye anayesahaulika katika silsila. Dublin babu wa ng'ambo, au aliyewatumikia wa ng'ambo, ndiye anayefichwa. Ulinganisho huo hauhitaji kuvutwa mbali zaidi. Unatosha kuonyesha kuwa uficho katika nasaba haufuati damu; unafuata soko la heshima la wakati husika.

Sauti ya mtoto

Msimulizi wa Hamilton ni mtoto, na mtu mzima aliyeandika hamsahihishi. Huu ni uamuzi wa kimtindo wenye matokeo ya kimaana. Tawasifu nyingi za ugunduzi wa nasaba zina umbo la upelelezi: mwandishi anapata barua, anakwenda hifadhi za nyaraka, anarudi na majina na tarehe, na mwishoni msomaji anamjua babu kuliko babu alivyojijua. Hamilton ananyima raha hiyo. Mtoto wake hajui Nazi ni nini pale anapoitwa Nazi, wala hajui Eichmann ni nani pale wavulana wanapompachika jina hilo na kumfanyia kesi ya kuigiza. Anajua tu kuwa kosa liko ndani yake mahali fulani na kuwa hukumu imekwisha tolewa. Wakati wa kumgundua baharia anatumia akili ileile: hachunguzi, anatazama macho.

Kwa njia hiyo ugunduzi haugeuki kuwa taarifa. Tofauti na vipimo vya vinasaba vinavyouzwa siku hizi, vinavyomrudishia mteja asilimia zake katika bahasha, kitabu hiki hakimpi msimulizi nambari yoyote ya kushika. Anapewa mtu asiyemfahamu, na wajibu usioeleweka kwa mtu huyo. Swali linalomkaa kooni halihusu kiasi cha Uingereza kilichomo katika damu yake. Analojiuliza ni kwa nini baba anayeweza kumpiga Franz, kaka yake, hadi kumvunja pua kwa sababu ya maneno ya Kiingereza, ndiye aliyezaliwa na mtu aliyekula mshahara wa Mwingereza. Mtoto hana msamiati wa kulisema hilo. Anayaweka mambo mawili karibu karibu, na msomaji ndiye anayesikia mlio yanapogongana.

Kuna gharama, hata hivyo. Sauti ya mtoto inamkinga mwandishi dhidi ya maswali ambayo mtu mzima angepaswa kuyajibu. Baharia anabaki na macho ya upole na si zaidi. Hatujui alifikiri nini kuhusu sare yake, kama aliivaa kwa njaa au kwa fahari, au kama alijiona ni mtu wa nchi gani. Baba alimfuta, mjukuu anampamba. Katika hali zote mbili hasemi. The Sailor in the Wardrobe, ambacho kina jina lake jaladani, kinakuwa zaidi habari ya kijana anayefanya kazi bandarini na kutaka kukimbia ukoo wake, na baharia anarudi kuwa nembo. Hii ni fursa iliyopotea. Mwandishi aliyeonyesha kwa ustadi jinsi taifa linavyomnyamazisha mtu angeweza kujiuliza kama na yeye hamnyamazishi.

Mama asiye na doa

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, na ni nadra kutajwa na wanaokipenda kitabu. Upande wa Ujerumani unasimuliwa kwa huruma isiyo na kabati. Mama anatoka Kempen, mji mdogo wa Rhineland. Mjomba aliyemlea, meya wa mji, alikataa kujiunga na chama cha Nazi na akapoteza cheo chake. Mama mwenyewe alidhulumiwa vibaya na mwajiri wake katika miaka ya utawala huo, na anaiandika siri hiyo kwa taipu kwa ajili ya watoto wake. Anawafundisha upinzani wa kimya, ule wa kusema hapana moyoni pale mdomo unapolazimishwa kusema ndiyo. Kurasa hizo ni nzuri, na uchungu wake ni wa kweli.

Lakini zikipimwa kimuundo, zinagawanya nasaba kwa namna inayotia shaka. Ujerumani, nchi iliyofanya uhalifu mkubwa kuliko wote wa karne hiyo, inaingia katika kitabu kupitia watu waliokataa. Ayalandi inaingia kupitia mtu aliyekubali. Na kama vile hilo halitoshi, katika kabati lilelile la baharia msimulizi anakuta pia makala ya zamani ambayo baba aliiandika dhidi ya Wayahudi. Chuki ambayo mtaa mzima ulikuwa ukiitafuta katika nusu ya Kijerumani ya watoto ilikuwa muda wote katika nusu ya Kiayalandi. Ni kinaya kikali, pengine kikali kuliko vyote kitabuni, na kinabomoa kabisa wazo la kuwa ugeni ndio unaoleta uchafu. Hata hivyo kinafanya hivyo kwa kuhamisha uchafu, si kwa kuuliza kwa nini nasaba igawanywe katika upande safi na upande mchafu tangu mwanzo. Msimulizi anayekataa usafi wa baba amemwekea mama usafi wa namna nyingine.

Hamilton inaelekea aliliona tatizo hilo. Miaka mitano baadaye, katika riwaya ya Disguise (2008), alisimulia habari za Mjerumani anayeamini kuwa yeye ni yatima wa Kiyahudi aliyechukuliwa kuziba nafasi ya mtoto aliyekufa katika mashambulizi ya mabomu. Hana picha wala hati, na riwaya haimpi uthibitisho. Humo hakuna mzazi aliye safi, na mhusika mwenyewe anaweza kuwa ndiye mwongo. Riwaya hiyo ni baridi kuliko kumbukumbu za utoto, na haipendwi kama hizo, lakini kwa swali linalojadiliwa hapa ni ya uaminifu zaidi.

Mizani ya taifa

Kitabu cha mwaka 2003 kilitoka wakati ambapo Ayalandi ilikuwa ikiamua kwa kura nani ni wake. Tarehe 11 Juni 2004 wapiga kura wapatao 79% waliidhinisha badiliko la katiba lililoondoa haki ya uraia kwa kila anayezaliwa kisiwani; tangu hapo, kwa kanuni ya msingi, mtoto anahitaji angalau mzazi mmoja aliye raia au mwenye haki ya kuwa raia. Wakati huohuo sheria inamruhusu mtu aliyezaliwa ng'ambo, hata kama hajawahi kukanyaga Ayalandi, kuandikishwa raia iwapo ana babu au bibi aliyezaliwa kisiwani. Kwa hiyo dola nayo inapekua kabati. Inahesabu mababu, na hesabu yake ni ya mahali pa kuzaliwa. Haiulizi sare. Kama baharia wa Cork angekuwa na mjukuu aliyezaliwa Chicago, mjukuu huyo angeweza kupata pasipoti kwa jina la babu yuleyule ambaye mwanawe aliona haya kumtaja.

Roddy Doyle aliligusa jambo hili kwa kicheko katika hadithi zilizokusanywa katika The Deportees (2007). Aliziandika kwa ajili ya Metro Éireann, gazeti lililoanzishwa Dublin mwaka 2000 na waandishi wa habari wawili wenye asili ya Nigeria. Katika hadithi ya "57% Irish" mtafiti anapewa kazi ya kubuni kipimo cha Uayalandi, na asilimia iliyo katika jina lenyewe inatosha kuonyesha upuuzi wa kazi hiyo. Katika "Home to Harlem" kijana wa Dublin anakwenda New York akiwa na swali la babu yake, Mmarekani mweusi ambaye hakumjua.

Hadithi ya pili inafaa kuwekwa kando ya kumbukumbu za Hamilton, kwa kuwa inaonyesha mpaka wake. Kijana wa Doyle amezaliwa Ayalandi na anasema kama mtu wa Dublin, lakini babu yake hawezi kufungiwa kabatini. Yuko kwenye ngozi. Watu wanamgundua kabla yeye hajajigundua, na wanamgundua kila asubuhi. Mtoto wa Hamilton, akivua kaptula ya ngozi na kufunga mdomo, anaweza kupita barabarani bila kuulizwa kitu. Siri ni anasa ya wale ambao nasaba yao haionekani. Jambo hili halipunguzi maumivu yanayosimuliwa katika The Speckled People, lakini linapaswa kumzuia mhakiki asikitumie kitabu hicho kuwa kielelezo cha kila Muayalandi mwenye asili mchanganyiko. Marakaraka wa baba walikuwa weupe wote.

Jina jaladani

Baba anakufa baada ya kushambuliwa na nyuki aliowafuga mwenyewe. Kabati linabaki. Msimulizi hasemi ni lini aliamua kuandika kwa Kiingereza, lugha iliyomvunja kaka yake pua, wala hatoi sababu. Uamuzi huo mara nyingi huelezwa kama uasi dhidi ya baba, na kwa kiasi fulani ndivyo ulivyo. Lakini kuna ushahidi mwingine ulio mbele ya macho ya kila msomaji kabla hajafungua kitabu. Mtoto aliyeandikishwa duniani kwa jina la Johannes Ó hUrmoltaigh, jina ambalo baba yake alikataa kufanya biashara na mtu yeyote asiyeweza kulitamka, amelitoa jina hilo jaladani. Hakuchukua jina la mama, Kaiser, ambalo lingemfanya Mjerumani waziwazi. Amechukua Hamilton, jina alilokuwa nalo yule mtu wa pichani siku alipovaa sare na kupigwa picha.